Nilivyomfunika Mungu kwa Kofia

Kazi ya filamu nilipewa na nguruwe. Nyie vijana mnaotafsiri siku hizi kwa kompyuta mtasema mzee ameshaanza, lakini mliniomba wenyewe niandike nilivyofanya kazi, na mimi siwezi kuanzia katikati.

Nilikuwa napasua mbao ndani ndani huko Nyololo, enzi za msumeno wa watu wawili. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni chini yake, unga wote wa mbao unamshukia yeye. Mimi nilikuwa wa shimoni. Wa juu lazima ajue kufuata mstari, na mimi na mistari tuligombana mapema, shule niliiacha darasa la nne. Siku moja nguruwe wa mama mmoja jirani, ana mimba ya kuburuza tumbo, akatumbukia shimoni na mimi nimo. Sijui kama mmewahi kukaa na nguruwe mwenye mimba kwenye nafasi ya upana wa kitanda. Watu juu wakaanza kubishana nani atolewe kwanza. Yule mama analia, "Mtoeni mzazi jamani!" Nikasema, "Na mimi je?" Akanijibu, "Wewe si una mikono? Panda!" Nikapanda. Wakati napanda nguruwe akanikanyaga mguu wa kulia, vidole viwili vikavunjika, vikaunga vibaya, hadi leo natembea kama mtu anayekumbuka kitu njiani. Nguruwe alizaa salama, nane, wote wazima. Kama kuna aliyeniuliza hali yangu simkumbuki.

Basi mtu wa mguu mbovu hapasui mbao. Nikawa nakaa barabarani, karibu na banda la video la mzee mmoja Mnyakyusa aliyeitwa Mzee Fyuzi, kwa sababu alikuwa anatembea na fyuzi mfuko wa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu. Alikuwa na televisheni ya chogo, deki, na jenereta ya kuvuta kamba. Akaniona nimekaa tu. Akasema, "Kijana, kukaa nje na kukaa ndani ni kukaa kulekule. Njoo uning'inizie mablanketi." Kazi yangu ya kwanza ikawa hiyo, kuziba madirisha kwa mablanketi ili mchana uwe giza. Ya pili ilikuwa kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kitambaa laini. Ya tatu, kukaa kimya, na hiyo ilinishinda.

Mzee Fyuzi ndiye alikuwa anatafsiri. Anakaa pembeni na maiki, mzungu kwenye kioo anafungua mdomo, yeye anamwekea Kiswahili. Siku moja akaamka hana sauti kabisa, mafua ya Mufindi mnayajua. Watu wamejaa, wengine wameshaanza kupiga miluzi. Akanipa maiki. Nikamnong'oneza, "Mzee, mimi Kiingereza sijui hata cha kuombea maji." Akaandika kwenye vumbi la televisheni kwa kidole, na kwa kuwa kusoma kwangu ni kwa kusuasua, akaona bora anong'one tu: "Usitafsiri mdomo. Tafsiri macho."

Nikatafsiri macho. Mtu akikunja uso, nasema, "Leo hutoki humu." Mwanamke akigeukia dirishani, nasema, "Ungeniambia mapema." Watu walicheka, wakalia, wakarudi kesho yake. Mzee Fyuzi aliporudiwa na sauti akaendelea kuniachia maiki. Siku moja nikamuuliza yeye Kiingereza alijifunzia wapi. Akaangalia jenereta muda mrefu, akasema, "Petroli inatosha?" Hapo nikaelewa kwamba tuko wawili.

Nawaambia hili mapema, na mtaona kwa nini. Miaka yote ile, zaidi ya thelathini, filamu za mapigano, za Kihindi, za Kichina, zote nilitafsiri, na lugha hata moja kati ya hizo siijui. Siri hiyo nilikaa nayo kama mtu aliyekalia msumari na kuna wageni.

Sasa tuingie kwenye kesi ngumu. Nyie mkiulizwa filamu ngumu mtasema za watu wanaoongea haraka. Mimi nasema ngumu ni yenye Mungu ndani.

Kwetu baba alikuwa Mlutheri na mama Mkatoliki, tulikuwa tunapokezana Jumapili, kwa hiyo nilidhani nawajua wote. Sikuwajua mpaka nilipowaonyesha filamu. Parokia moja upande wa Iringa walituita Ijumaa Kuu mchana, ukumbini, tuonyeshe filamu ya mateso. Akina bibi wamekaa mbele na rozari. Bwana anapigwa, bibi mmoja anamwambia kabisa, "Pole, baba. Pole sana." Anaongea na televisheni! Mama wa Yesu akitokea wanaimba kwa sauti ya chini. Akiondoka kwenye picha, wananigeukia: "Mrudishe Mama." Narudisha mkanda. "Mrudishe tena." Ule mkanda ulichakaa pale pale kwenye machozi ya Mama, sehemu nyingine zote zilikuwa mpya. Maneno yangu hawakuyajali sana. Ningekohoa tu wangeridhika, almradi uso unaonekana, na damu, na msalaba unaonekana ni mti wenye magome. Kwao Mungu ni mtu unayeweza kumshika nguo.

Wiki mbili baadaye tukaitwa usharika wa Kilutheri, si mbali na pale. Filamu ileile. Mwinjilisti amekaa na Biblia mapajani na tochi, anafuata mstari kwa mstari. Yesu akisema kitu, mkono unanyooka.

"Bwana mtafsiri! Hilo ni la Mathayo au la Luka?"

"La filamu, mwinjilisti."

"Rudia polepole."

Wale waliimba pia, tena sauti nne, lakini walifumba macho. Fikiria, watu wamekuja kuangalia filamu na wamefumba macho! Neno ndilo walilokuja nalo na neno ndilo walitaka kuondoka nalo. Nilikosea jina la mtume mmoja, wakanisahihisha ukumbi mzima kwa pamoja.

Na hapo hatujafika kwa Mungu mwenyewe. Kuna filamu moja ya kuumbwa kwa dunia tulikuwa nayo, ina Mzee mwenye ndevu nyeupe amekaa juu ya mawingu. Kwa Wakatoliki alipita salama, wengine waliinua mkono wakajifanyia ishara ya msalaba. Kwa Walutheri mzee mmoja wa kanisa akasimama.

"Huyo ni nani?"

"Ni Mungu, mzee."

"Nani alimpiga picha?"

Nikasema aliyempiga hawezi kuwa mtu wa Nyololo. Hakucheka. Akasema, "Kijana, mfunike. Sauti iache." Nilikuwa na kofia ya sufu, nikaivua, nikaishika mbele ya uso wa yule Mzee. Kila akihama kwenye kioo, nami nahama naye, mguu mbovu hivyohivyo. Kuanzia siku hiyo ikawa utaratibu. Kwa Wakatoliki naacha kichwa wazi, kwa Walutheri nashika kofia. Na sauti nayo niliitofautisha. Kwa Walutheri nilikuwa naingiza maiki kwenye ndoo ya plastiki, Mungu anatoka mzito, anasema mara moja tu. Kwa Wakatoliki bila ndoo, kama babu anayeweza kubembelezwa, hasa ukimpitia mama yake. Watu wakaniita DJ Ndoo.

Ngoja niseme na hili la mapepo, nisije nikasahau. Walutheri walikuwa na lalamiko lao la haki. Filamu ya kutisha ya Wazungu, pepo akiingia nyumbani, wanamwita padre. Kila siku padre, na maji yake na msalaba wake. Mchungaji mmoja wa Mbalizi aliniuliza, tena anaumia kweli, "Kwani sisi mapepo hayatuogopi?" Nikamwambia asubiri. Zilipokuja filamu zetu za hapa nchini, pepo anatolewa na mchungaji mwenye suti na maiki, anapiga kelele mpaka spika inapasuka. Nikampelekea. Akaangalia nusu saa, akasema, "Hapana. Rudisha yule padre. Yule angalau anamwacha mgonjwa alale." Wakatoliki nao nilipowaonyesha walisema, "Hawa hawana maji, ndiyo maana wanatoka jasho." Kila mtu anataka Mungu wa kwao ashinde, lakini ashinde kwa adabu.

Mzee Fyuzi alifariki akaniachia vyombo. Mikanda ikaisha, zikaja sidii, zikaja flashi, televisheni nikaiuza nikanunua projekta. Kofia nikawa naishika mbele ya lenzi, kazi ikawa rahisi, naziba mwanga wote kwa mkono mmoja. Nilizunguka Mbalizi, Igawa, mpaka Ubaruku, kwenye ghala la mashine ya mpunga. Jumapili baada ya ibada na misa mashine inazimwa, tunaziba madirisha kwa magunia, watu wanakaa juu ya pumba.

Shida ya Ubaruku ni kwamba wamechanganyika. Kuna Wasangu wenyewe, kuna Wasukuma waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, kuna Wabena na Wahehe waliofuata mpunga. Walutheri na Wakatoliki ghala moja. Na mwaka juzi nikapeleka filamu moja ya Kizungu ambayo Mungu amekaa jikoni kwa mkulima, amevaa shati jeupe, anamenya viazi.

"Funika!" wakapiga kelele Walutheri.

"Toa kofia!" wakapiga Wakatoliki. "Tunataka kumwona anavyoshika kisu!"

"Mungu gani anamenya viazi?"

"Wewe ulitaka amenye nini? Mawingu?"

Nikafunika, maana mwinjilisti wa pale alikuwa karibu na soketi. Wakatoliki wakanung'unika, ukuta umekuwa mweusi, na yule Mungu wa Kizungu alikuwa anaongea bila kuchoka. Nikaona hawa niliowanyima uso niwalipe kwa maneno. Bila ndoo, kwa sauti ya taratibu, nikaongea sana. Nikasema na hili: "Mlango ulioufunga wewe, usiniombe mimi ufunguo. Mtoto yuko nje. Nenda kafungue." Nilikuwa namwangalia mkulima kabla sijafunika, alikuwa na macho ya mtu wa namna hiyo. Filamu ikaisha, nikakunja nyaya, nikaenda zangu.

Sikujua kwamba kwenye giza lile alikuwepo Mama Kabula. Huyu ni mama wa Kisukuma, mjane, Mlutheri wa kushika dini. Binti yake Kabula aliolewa na Festo, kijana wa Kibena anayeendesha mashine ya kukoboa, Mkatoliki, ndoa ikafungwa parokiani. Mama aliweka nadhiri mbele ya akina mama wenzake kanisani kwamba Kabula hatakanyaga uwanja wake yeye akiwa hai. Miaka mitatu binti alikuwa anapita njia ya mfereji asionekane, na mtoto mgongoni ambaye bibi yake hajamshika. Kesho yake baada ya filamu, mama akatoka asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha Festo, akasema, "Kabula, beba vyombo. Mungu kanigombeza." Wakahamia kwake wote watatu.

Haya niliyajua mwaka huu, baada ya mavuno, niliporudi Ubaruku na vyombo vyangu. Festo alinifuata nikiwa sijateremsha hata jenereta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kamwene," nikamwongezea salamu ya kwao.

"Babu, leo watakuuliza kitu. We' sema ndiyo."

Akanieleza. Mtoto alikuwa ameshikwa na homa wiki nzima. Hospitali walimpa dawa, lakini bibi yake akaingiwa na hofu kwamba ni nadhiri inamuuma mjukuu. Akaenda kwa mwinjilisti kuomba aonyeshwe lile neno la mlango limeandikwa wapi, alishike, apate amani. Mwinjilisti akatafuta Biblia nzima, hakuliona. Akamtafuta mwalimu wa sekondari, wakaisikiliza filamu ileile kwenye simu.

"Mwalimu anasema pale Mungu haongei habari ya mlango," Festo akasema.

"Anaongea nini?"

"Anasema viazi vimeiva."

Nikakaa juu ya jenereta.

"Sasa mama anasema kama si neno la Mungu, nadhiri bado imesimama, tuhame leo. Analia, babu, lakini atatuhamisha. Mtoto bado hajapona vizuri. Neno moja tu. Wewe si ndiye mtafsiri? Sema mwalimu hajui."

Ukweli ni kwamba ingekuwa rahisi. Pale Ubaruku mwalimu ana cheti, mimi nina jina. Wangeniamini mimi. Na nisiposema hivyo, miaka yangu thelathini na kitu inaanikwa juani kama mpunga. Nikamwambia, "Nitaona." Jibu la mwoga.

Ghala likajaa, madirisha yakiwa bado wazi. Mama Kabula amekaa kwenye gunia, kamshika mjukuu, Kabula amesimama nyuma yake. Mwinjilisti akaanza kwa upole, si mtu mbaya, ni mtu wa mistari. "Mzee wetu, yale maneno ya mlango, yamo kwenye filamu au hayamo?"

Nikafungua mdomo niseme yamo. Mama Kabula akanitangulia.

"Baba, niambie mimi. Mimi ni mtu mzima. Nikikaa na uongo, huyu akipata homa tena nitajua ni mimi. Nikimfukuza huyu kwa uongo, napo ni mimi. Nipe kilichopo, nitajua pa kukiweka."

Nikaangalia macho yake. Ndiyo kazi niliyofundishwa, na sikuwahi kuyakuta macho yanayosema wazi namna ile.

Nikasema, "Mama, hayamo. Ni yangu. Mimi Kiingereza sijui. Sijawahi kujua. Hata neno moja."

Mbebaji mmoja wa magunia akaangua kicheko. "DJ! Hata ile ya yule jenerali aliyeomba msamaha?"

"Hata ile."

"Mimi nilimwomba mke wangu msamaha kwa maneno yale!"

"Ulisamehewa?" mwenzake akauliza.

"Nilisamehewa!"

"Sasa unalalamika nini?"

Ghala zima likacheka, isipokuwa mstari wa mbele. Mwinjilisti akafunga Biblia taratibu. "Basi, mama. Umesikia mwenyewe. Ni maneno ya mtu. Nadhiri ni nadhiri." Festo akaniangalia, na lile jicho sitaki kulitafsiri. Kabula akainama amchukue mtoto amfunge mgongoni.

Mama Kabula hakumwachia mtoto.

"Mwinjilisti," akasema, "punda wa Balaamu alisoma hadi darasa la ngapi?"

"Mama?"

"Nakuuliza. Wewe ndiye ulinifundisha kipaimara. Mungu alifungua kinywa cha punda, ndivyo ilivyoandikwa. Kitabu cha Hesabu. Fungua uone."

"Imeandikwa, mama, lakini punda yule alifunguliwa kinywa na Bwana. Huyu mzee alijisemea tu."

"Alijisemea." Akanigeukia mimi, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vibovu. "Mtu huyu kwenye filamu aliwekewa viazi. Hajui Kiingereza, sawa. Lakini viazi anaviona, anavila, kwao vinalimwa. Sasa nani alimzuia asiseme viazi vimeiva?"

Nyuma Mkatoliki mmoja akasema, "Kama angetuachia tumwone uso tungejua alikuwa anamwangalia nani," na mama mmoja wa Kilutheri akamjibu, "Alikuwa amefunikwa ndiyo maana tulisikia." Wakaanza, kama kawaida yao. Mama Kabula akasimama na mtoto begani, mtoto anamvuta kitambaa cha kichwani. Akamwambia binti yake, bila kugeuka, "Kabula, ng'wanawane, nenda kaweke maji ya ugali. Na huyo mumeo aache kulia kama amefiwa." Wakatoka wote watatu na mtoto wao, wakashika njia ya nyumbani.

Mimi nilibaki nimesimama. Kuitwa punda mbele ya watu mia na kujisikia umepumzika hivyo, sikujua kama inawezekana. Mgongo ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nimebeba Kiingereza ambacho sina kwa miaka yote ile, kumbe kitu usichokuwa nacho ndicho kizito kuliko vyote.

Watu wakaanza kuziba madirisha kwa magunia. Mmoja akapiga kelele, "Haya, DJ, hata kama hujui, tuwekee! Sisi tunakutaka hivyohivyo!" Wengine wakapiga makofi. Projekta ilikuwa mezani, waya umeshachomekwa. Nikaweka maiki juu ya meza, nikamwambia mwinjilisti aangalie isianguke, akaishika kwa mikono miwili. Nikatoka mlangoni polepole, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Jua lilikuwa kali. Nikafuata mfereji mpaka stendi, nikapanda gari la kwanza, vyombo vyote nikawaachia, mzigo nilioutua sikutaka kuubeba tena, na huko sijarudi.